Kumsoma Mbwa Aliyeokotwa: Mhadhara juu ya Dalili za Maradhi



Tabibu wa binadamu huanza kazi yake kwa kuuliza: umeumwa tangu lini, umekula nini, na nani mwingine nyumbani kwako anaumwa? Bwana mifugo naye, aitwapo kumtazama ng'ombe au mbuzi, hata kama mnyama mwenyewe hasemi, humkuta mchungaji wa kumsemea, ambaye jana alimkama na juzi alimpeleka malishoni, na akiulizwa aweza kujibu kwamba maziwa yamepungua au kwamba mnyama ameacha kucheua. Lakini mbwa aliyeokotwa barabarani hana mtu wa namna hiyo. Umri wake hatuujui, alikotoka hatukujui, hatujui kama alipata kuchanjwa wala kama aliumwa na mbwa mwenzake mwezi uliopita huko alikokuwa. Kila tutakalolijua juu yake sharti tulisome katika mwili wake na mwenendo wake. Juu ya kusoma huko ndiko nilikokusudia kusema jioni hii, kwa sababu naona watu wengi, hasa vijana na watoto, wana huruma njema ya kumwokota mnyama mnyonge, lakini mkono wao hutangulia macho yao, na katika jambo hili mkono uliotangulia waweza kumgharimu mtu uhai wake.

Mbwa ninaowakusudia ni wale tunaowaita mbwa koko, walalao mchana chini ya mitumbwi iliyopandishwa ufuoni au nyuma ya vibanda vya soko la samaki, na usiku hutafuta riziki yao majaani na kandokando ya machinjio. Hao si wote wasio na mwenyewe. Katika Afrika ya Mashariki wengi wa mbwa wanaozurura wana nyumba waliyozaliwa na mlango wanaoulinda usiku, ingawa hawana ukanda shingoni wala bakuli lao la chakula, na kwa hiyo jambo la awali, kabla ya kumtazama mbwa mwenyewe, ni kuwauliza majirani, wachuuzi na watoto wa mtaa: mbwa huyu ni wa nani, alionekana hapa lini kwa mara ya kwanza, na je, ndivyo alivyokuwa siku zote au amebadilika? Msisahau kumuuliza mlinzi wa usiku. Yeye aghalabu atawaambia mengi, kwa kuwa amekesha na mbwa huyo na anaijua sauti yake, na kama sauti hiyo imegeuka, yeye ndiye aliyeisikia ikigeuka.

Najua kwamba wako kati yenu wanaoona uzito kumkaribia mbwa kwa sababu ya dini, na uzito huo una haki ya kuheshimiwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, mate ya mbwa na umajimaji wake ni najisi nzito, na kilichoguswa nao huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini hilo ni suala la tohara, nalo lina njia yake iliyo wazi. Halikumwondolea mnyama huyo fungu lake la rehema. Sote tuliosomeshwa chuoni tunaijua hadithi ya yule msafiri aliyeshikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa, na alipopanda akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo mbichi kwa ukali wa kiu, akateremka tena, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Nami hupenda kuitazama hadithi hiyo kwa jicho la utabibu pia: mtu yule aliiona dalili, akaitambua kwa kuilinganisha na hali aliyokuwa nayo mwenyewe muda mchache uliopita, ndipo akatenda.

Basi tuanze na kutazama, na tutazame kwa mbali. Simama hatua kumi au kumi na mbili kutoka alipo, ubavuni mwake kuliko usoni mwake, wala usimkazie macho, kwani mbwa asiyekujua huyahesabu macho yaliyokazwa kuwa ni uchokozi. Mpe robo saa. Katika robo saa hiyo mbwa mzima aliyelala kivulini atainua kichwa, atageuza masikio kufuata sauti, atanusa upepo, na jua likimfikia atajinyoosha ahame. Ilhali mgonjwa huliacha jua limkute, na inzi wamtambae machoni asiwafukuze. Tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka, na uhesabu kupanda pamoja na kushuka kuwa pumzi moja: mbwa mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika. Joto letu la pwani humfanya aheme huku ulimi umetoka, na kuhema huko si ugonjwa, kwa kuwa mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, bali hujipoza kwa pumzi. Walakini ahemaye alfajiri kungali na ubaridi, au avutaye pumzi kwa nguvu mpaka tumbo likaingia ndani kila mara, huyo ana jambo kifuani, au damu yake imepungua, au ana homa.

Akiinuka, ufuate mwendo wake. Mguu mmoja unaoinuliwa ni jambo la kawaida kwa mbwa wa barabarani, maana magari na mawe ya watu ni mengi, na kuchechemea kwake ni maumivu ya mahali pamoja tu. Afadhali huyo kuliko yule ambaye miguu yote minne ni mizima lakini sehemu ya nyuma inayumba, au anayekwenda kichwa kimeinama upande mmoja, au ambaye misuli ya paji au ya mguu inamrukaruka hata akiwa amelala. Hao ugonjwa wao umeingia katika ubongo au katika mishipa ya fahamu. Aliyejikunja mgongo juu na kutembea kwa hatua fupi ana maumivu ya tumbo. Na anayetokwa na udenda, akatetemeka, na mboni za macho zikawa ndogo mno, yamkini amelishwa sumu, au ameogeshwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe bila ya kipimo; huyo hangojewi hata saa moja.

Katika yote yaonekanayo kwa mbali, kubwa lao ni kichaa cha mbwa, na juu yake nitakaa zaidi kuliko mengine, kwa kuwa mengine yote humdhuru mbwa kwanza na mtu baadaye, na wala si kila mara, ilhali hili huwaua wote wawili. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, karibu wote katika Afrika na Asia na karibu wote kwa sababu ya mbwa, na katika kila watu mia wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, kiasi cha arobaini ni watoto wasiotimiza miaka 15. Haya yanatokea ingawa kinga ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo Louis Pasteur, huko Paris, alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Kinga hiyo hufaa kabla ya dalili kumdhihirikia mtu. Zikisha kudhihiri, hata leo hakuna dawa ya kutegemewa.

Picha waliyonayo watu vichwani mwao ni ya mbwa anayekimbia njia nzima, povu mdomoni, akimrukia kila amwonaye. Mbwa wa namna hiyo yupo, na kumjua si kazi. Ila kichaa kina sura nyingine iliyo tulivu, nayo ndiyo inayowadanganya wenye huruma. Mbwa aliyekuwa akiwakimbia watu akawa ghafla mpole, akaja mwenyewe kujisugua miguuni mwa mgeni. Au aliyekuwa mchangamfu akajificha gizani chini ya ngazi, asitoke hata kwa chakula. Au akawa anatafuna vitu visivyoliwa, vijiti, mawe, udongo, hata mguu wake mwenyewe mahali alipoumwa zamani. Au kubweka kwake kukawa na mkwaruzo na kuishia katika mlio mrefu ambao si wake: kila mojawapo ya hayo ni sababu ya kutosha ya kurudi nyuma na kumwita mtu wa idara ya mifugo. Tena ondoeni ile itikadi kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Kuogopa maji ni dalili ya mtu aliyeambukizwa. Mbwa haogopi, aweza hata kuvuka mto, na huliendea bakuli kwa kiu kubwa, ila koo limepooza na maji hayashuki. Anayemtegea mbwa bakuli la maji ili amjaribu hapati jibu la kumtuliza.

Niliwahi kuletewa dume mmoja wa rangi ya mchanga, amefungwa kwa kamba ya usumba, na vijana wawili wavuvi walioshikwa na huruma. Walisema amekwamwa na mfupa. Taya lake la chini lilikuwa limening'inia, halifungi. Ulimi ulikuwa umeingia vumbi na kukauka nchani, na udenda ulikuwa ukishuka pembeni mwa mdomo mpaka kifuani, umeyalowesha manyoya yote ya kidari. Macho yake hayakuwa makali hata kidogo. Yalikuwa mazito na yamelegea, kama ya mtu aliyeamshwa katika usingizi wa kwanza. Alipowekewa maji aliutumbukiza mdomo wote bakulini, akajaribu kulamba, na maji yakamrudi jinsi yalivyoingia. Hakunguruma, hakuonyesha meno, na yule kijana aliyeishika kamba alikuwa akimpapasa kichwa. Kijana wa pili alikuwa amekwisha kutia vidole vyake kooni mwa mbwa kuutafuta huo mfupa, na vidole hivyo vilikuwa na michubuko mibichi ya nyavu. Mfupa haukuwako. Mbwa alikufa kabla ya juma kwisha, na ubongo wake ulipopimwa maabara jibu likawa lile tulilolihofia. Wale wawili walikuwa wameoshwa mikono kwa sabuni na maji mengi siku ile ile na kuanzishiwa chanjo, nao ni wazima. Taya lililolegea na mate yasiyomezwa, kwa mbwa ambaye hatumjui, lihesabiwe kuwa kichaa mpaka ithibitike vinginevyo, na mkono wa mtu usiingie kinywani humo, awe anafikiri kuna mfupa au hafikiri.

Aliyeumwa, au aliyepatwa na mate penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15, dakika kamili kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri mbwa apimwe. Ziko hapa hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Hesabu ya kwanza ni ya siku 10: mbwa aliyemuuma mtu, akafungiwa na kutazamwa, akabaki hai na mzima hata siku ya kumi, basi siku alipouma hakuwa na vimelea vya kichaa katika mate yake. Hesabu ya pili ni ya muda ambao ugonjwa hujificha mwilini mwa mbwa aliyeambukizwa, nao huwa majuma kadhaa, na pengine miezi. Mtu akimtazama mbwa aliyemwokota kwa siku 10, akamwona anakula na kucheza, akasema amesalimika, amekosea: amejua ya siku ile tu, hajajua ya mwezi ujao. Mbwa huyo achanjwe mapema, atengwe na watoto na mbwa wengine, na aendelee kuangaliwa kwa miezi.

Na mbwa anayeshukiwa akifa au akauawa kwa amri ya wenye madaraka, asipigwe kichwani. Maabara hupima ubongo, na ubongo ukisha kupondwa kwa rungu, waliogusana na mbwa yule hawatapata tena jibu la hakika. Haya si mambo yasiyo na mwisho. Katika kisiwa cha Pemba, chanjo ya mbwa iliyofanywa kwa bidii baada ya mwaka 2010 ilikikata kichaa kabisa. Kikaingizwa tena kutoka nje mwaka 2016, na chanjo ikarudiwa, kikakatika mara ya pili. Wataalamu wanasema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Sasa tuseme robo saa imekwisha, mbwa wetu ameinua kichwa, amefumba mdomo wake, amekunywa maji yakashuka, ametutazama kama mbwa awatazamavyo watu. Hapo ndipo tunapomkaribia, kwa ubavu, tukiwa tumevaa glavu za mpira, na mtu mmoja amshike mwingine amtazame. Mahali pa kuanzia ni fizi. Inua mdomo wa juu pembeni kwa kidole gumba, bila kuingiza vidole kati ya meno, na ubonyeze ufizi kwa ncha ya kidole mpaka pawe peupe. Ukiachia, wekundu hurudi kabla ya sekunde 2 kutimia. Wengi wa mbwa wetu wana fizi nyeusi kwa maumbile, na kwa hao hutazamwa ndani ya kope la chini. Rangi itakayoonekana hapo itakuambia mengi. Waridi ni siha. Weupe ni upungufu wa damu, na kwa mbwa wa barabarani damu hiyo imenywewa ama na kupe na viroboto kwa nje, ama na minyoo ya safura kwa ndani, ama imemwagika tumboni baada ya kugongwa na gari au kula sumu ya panya. Umanjano huonyesha ini lililoathirika au damu inayovunjwavunjwa na homa ya kupe. Tena huenda ni maradhi yaenezwayo kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, yale yale ambayo kwa binadamu yalijulikana Tanzania kwa jina la homa ya mgunda yalipozuka katika mkoa wa Lindi mwaka 2022, na kwa hiyo mkojo wa mbwa mwenye fizi za manjano usiguswe kwa mkono mtupu. Ubuluu ni kukosa hewa. Wekundu wa tofali ni joto lililompanda mno, au sumu, au uchafu ulioingia katika damu.

Pua nitaipita haraka. Watu husema pua kavu ni ugonjwa na pua mbichi ni uzima. Mbwa aliyelala juani pua yake hukauka, na mgonjwa mahututi aweza kuwa na pua mbichi. Mwenye kutaka kujua homa atumie kipimajoto, kilichopakwa mafuta na kutiwa taratibu njia ya haja kubwa: joto la mbwa mzima ni kati ya digrii 38 na 39.2, yaani juu kidogo ya letu, na ndiyo maana mbwa huonekana ana joto kila tumshikapo.

Macho yanataka utulivu zaidi. Tongotongo jembamba la maji si neno. Lakini tongotongo zito la usaha katika macho yote mawili, pamoja na makamasi mazito, kikohozi na kuhara, ni dalili za distempa, ugonjwa ambao mbwa akiokoka mapafu huweza kumrudia katika ubongo baada ya majuma, akaanza kurukwa na misuli na kutafuna hewa, na nyayo zake zikawa ngumu. Wanaodhani kwamba maradhi ya mbwa koko ni shauri la mbwa koko peke yake wakumbuke Serengeti mwaka 1994, ambapo virusi hivyo, vilivyotokana na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga, viliua kiasi cha theluthi moja ya simba. Jicho likiwa na utando wa rangi ya samawati, na uso umevimba, na mbwa amekonda akiwa anakula, ulizeni kama ametoka sehemu yenye mbung'o, mfano wa kandokando ya msitu wa Shimba kule Kwale, kwa kuwa nagana, maradhi yaletwayo na mbung'o, humpata mbwa kama impatavyo ng'ombe, na kwake huja kwa kasi zaidi. Kwa mbwa aliyezaliwa Unguja swali hilo halina haja siku hizi, maana mbung'o wa mwisho kisiwani humo alinaswa mwaka 1996, baada ya kuachiwa angani mamilioni ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi.

Ngozi huonekana na kila mtu, na kwa sababu hiyo watu huifanya kuwa ndio ugonjwa wote. Mbwa aliyenyonyoka manyoya mwili mzima huchukiza macho na kufukuzwa kila mahali, ilhali mara nyingi yeye ndiye mwepesi wa kuponywa. Upele unaoanza nchani mwa masikio na viwikoni, wenye mwasho usiompa usingizi, hutokana na vijidudu ambavyo huweza kumpanda na mtu na kumwasha kwa muda; upele mwingine, unaoanza kuzunguka macho na mdomo wa mbwa mchanga bila mwasho mwingi, haumwambukizi mtu. Wote una dawa. Lakini dawa hiyo si oili chafu ya gari, ambayo bado naona watu wakiwapaka mbwa kwa nia njema: oili hiyo hupenya katika ngozi iliyochubuka, na iliyobaki mbwa huilamba, akapona upele akaharibika ini. Kupe wasichomwe kwa kijinga cha moto wala kumwagiwa mafuta ya taa. Washikwe karibu na ngozi kwa kikoleo kidogo, wavutwe pole pole, na watafutwe ndani ya masikio na kati ya vidole, ambako hujificha. Kati ya vidole huko huko mtawakuta na funza, mdudu ambaye si wa asili ya bara letu: aliletwa kwa meli kutoka Brazili mpaka Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshalivuka bara zima na kufika kwetu.

Jike au dume anayetokwa na damu mahali pa siri, na pana uvimbe uliochanua mfano wa ua la koliflawa, asidhaniwe kuwa ameumizwa wala kwamba ni wa kuuawa. Hiyo ni saratani ya ajabu, inayopita kutoka mbwa kwa mbwa kwa kujamiiana, seli zenyewe zikihama, nayo ilianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hutibika vizuri, na dawa yake kuu hutokana na ule mmea wa maua ya waridi wenye asili ya Bukini, ambao wengi wenu mnao uani kwa mapambo.

Kwa watoto wa mbwa hofu yangu kubwa ni matumbo. Tumbo lililovimba huku mbavu zinahesabika ni minyoo, na hilo lina nafasi. Lakini mtoto anayetapika, akakataa chakula, kisha akaharisha majimaji yenye damu na uvundo ambao mtu akiunusa mara moja hausahau, huyo ana parvo, na hesabu yake ni ya saa, si ya siku. Hufa kwa kukaukiwa maji, na kinachomwokoa ni maji ya mshipani zaidi kuliko dawa yoyote. Ugonjwa huu ulijulikana duniani mwaka 1978 tu, na kwa miaka miwili ukawa umeenea kote. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, havifi kwa sabuni ya kawaida. Sakafu ioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, na asiletwe mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa katika ua huo. Ukitaka kujua kama amekaukiwa, ivute ngozi ya mabegani kwa vidole viwili na kuiachia: ya mzima hurudi mara moja, ya aliyekaukiwa hubaki imesimama.

Lipo kosa moja la wema ambalo huua mbwa waliokwisha kuokolewa. Mbwa aliyekaa na njaa ya majuma, mifupa ya nyonga ikiwa imechomoza, akipewa sufuria nzima ya ubwabwa na nyama, mwili wake uliozoea kujila wenyewe hushindwa kuipokea neema hiyo ghafla. Chumvi zilizomo katika damu huvurugika, na moyo waweza kusimama siku mbili tatu baada ya karamu. Apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, wali laini na kuku au samaki aliyeondolewa miiba, na kiasi kiongezwe polepole kwa muda wa juma zima na zaidi. Wala asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Parasetamoli na ibuprofeni, ambazo sisi tunazimeza bila kufikiri, humharibu mbwa ini, tumbo na figo.

Kuanzia hapo kazi ni ya daftari. Andika kila siku alichokula na alichobakiza, maji aliyokunywa, mkojo na rangi yake, kinyesi na namna yake: kama ni kigumu, kama kina damu, kama kina vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, ambavyo ni pingili za tegu. Andika joto lake asubuhi na jioni. Mbwa wengi waliookotwa hawali siku ya kwanza kwa woga tu, na hilo halitishi. Asiyekula siku ya pili, au atapikaye kila anywapo maji, au ambaye fizi zake zimebadilika rangi tangu jana, apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari lenyewe. Dawa ya minyoo hutolewa mapema na kurudiwa baada ya majuma mawili, kwa sababu dozi ya kwanza huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga walio njiani. Jike apapaswe tumbo na mjuzi kabla ya kupewa dawa yoyote, kwani yamkini ana mimba, na ziko dawa zinazowadhuru walio tumboni.

Chanjo ya kichaa haina sababu ya kungojea mbwa anenepe ikiwa hana homa. Katika wilaya nyingi hutolewa bure wakati wa kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, ambayo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na hata watoto wa mbwa wadogo huchanjwa hapo. Nimeona mara nyingi katika vituo hivyo kwamba mbwa huletwa na watoto wa shule, kwa vipande vya kamba vilivyofungwa shingoni ovyo, huku wazazi wamebaki nyumbani. Mbwa uliyemwokota mwezi huu mpeleke mwenyewe, kwa kamba madhubuti, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa kirefu, na simama naye pembeni mpaka foleni ya watoto iishe. Kisha dai kadi, iandikwe rangi ya mbwa, alama zake na tarehe ya chanjo, na uiweke pamoja na karatasi za nyumba, maana mwaka ujao utatakiwa kuionyesha.